Mawese kwenye Shingo ya Darubini

Kila asubuhi Asmani alianza na shaba. Alikata limau, akalichovya kwenye majivu, akasugua darubini kubwa kutoka mdomoni mpaka kitakoni, kisha akaifuta kwa kipande cha merikani kilichofuliwa mpaka kikalainika. Vioo hakuvitia limau. Alivipulizia pumzi na kuvifuta kwa upande mwingine wa kitambaa, polepole, kwa kuwa mtu aliyemtangulia kazini aliacha alama ya kidole kwenye kioo, akachapwa viboko na kurudishwa kwao Ujiji.

Nyumba ya darubini ilikuwa juu ya kilima kidogo nyuma ya Rumonge, ina kuta za mawe, paa la nyasi na bendera mbili. Wadachi na Wabelgiji waliijenga pamoja ili wajue mpaka wao unapita wapi, na walikubaliana kugawana kila kitu kilichomo. Mdachi alichukua mchana, akapima jua. Alikuwa na saa tatu ndani ya sanduku lenye mahameli, akazifungua na kuzitazama mara nyingi kuliko alivyotazama watu, ndiyo maana mji mzima ulimwita Bwana Saa. Mbelgiji alichukua usiku, naye wakamwita Bwana Nyota. Asmani alikuwa wa wote wawili, maana yake kila mmoja aliamini kuwa mwenzake ndiye aliyemlisha.

Mapatano yalisema mafuta ya kulainisha shingo ya darubini yataletwa na pande zote mbili. Hayakusema nani aanze. Chupa ilipokwisha, shingo ikaanza kulia kama mlango wa ghala.

"Ongea na Mbelgiji," alisema Bwana Saa.

"Ongea na Mdachi," alisema Bwana Nyota.

Asmani akaongea na mke wake. Mwasiti alikuwa akikamua mawese chini ya kilima hichohicho, kwenye banda alilorithi kwa baba yake, na siku hiyo alimpa mumewe bakuli zima bila kuuliza la nini. Shingo ikanyamaza. Wazungu wote wawili walisifu mafuta mapya, kila mmoja akimshukuru mwenzake moyoni, au pengine hapana.

Lakini ilikuwa kiangazi. Alfajiri upepo ulishuka kutoka milimani, na mawese, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kuyaweka jikoni, huganda kwenye baridi. Asubuhi moja darubini iliganda ikiwa imelielekea jua, na jua likaganda nalo, pale pale juu ya vilima vya mashariki. Wanawake walioanika ndagala mchangani walipanda kilimani kulalamika kuwa samaki hawakauki. Asmani akawaomba radhi. Alisugua shingo kwa viganja mpaka mawese yakalainika, jua likaendelea na safari yake. Tangu hapo kila alfajiri aliweka kigae cha makaa chini ya darubini, na mambo yakawa sawa. Bwana Saa aliona saa zake zimelitangulia jua siku ile, akasema ni unyevu wa ziwa.

Mwezi uliofuata amri ilikuja kutoka bomani. Shaushi Mbaraka, mkuu wa askari, aliisoma sokoni kwa sauti nzuri, halafu akaomba maji ya kunywa. Kwa sababu ya ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o, watu wote wa ufukweni, kuanzia Magara mpaka Rumonge, wahamie milimani. Wawe wameondoka Ijumaa kabla ya jua kuzama. Jua likishazama, nyumba zote zichomwe ili asirudi mtu. Nyumba ya darubini haikuwamo katika amri. Ilielezwa kuwa mbung'o hawaumi watu wanaopima.

Malale yalikuwepo kweli, hilo hakuna aliyelikana. Watu walilala wakiwa wameshika makasia. Ila Mwasiti alikuwa na mgonjwa wa aina nyingine. Mama yake, Bi Sikuzani, alikuwa amelala nyuma ya banda la mawese, na ugonjwa wake ulikuwa umri. Alishaacha kula. Alishaagana na majirani, hata wale aliowanunia. Alibakiza jambo moja tu, azikwe kando ya mumewe, chini ya michikichi ambayo mume huyo aliipanda nyuma ya msikiti. Wanawake wa ukoo wake wote walikufa magharibi, jua linapozama, kwa hiyo jamaa walijua saa ya kukaa karibu naye. Siku tu ndiyo hawakuijua.

Mwasiti alipanda kilimani kumwona Bwana Saa.

"Amahoro, Bwana. Mama yangu iko anakufa. Ninaomba utuache kidogo, mupaka amalize. Tutamuzika, kisha tutaenda."

"Atakufa lini?"

"Magharibi."

"Magharibi ya siku gani?"

"Hiyo hajasema."

Bwana Saa alifikiri kwa haki kabisa. Akajibu kuwa serikali haiwezi kungoja kitu kisicho na tarehe.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, Bwana Saa aliteremka kukagua askari wake, akamwachia Asmani kazi ya kuisukuma darubini taratibu ili ilifuate jua mpaka litue. Mwasiti akaingia na mtungi wa maji ya ziwa kichwani.

"Baba Aziza," akasema, "ile mawese, ikipata baridi inaganda sindiyo?"

"Wewe ndiye unaikamua. Unaniuliza mimi?"

"Basi sogea."

Alilowesha merikani, akaizungushia shingo ya darubini, akamimina maji juu yake. Asmani alimtazama, halafu akachukua ungo na kupepea. Punde mawese yakawa meupe ukingoni. Asmani akaisukuma darubini, ikakataa. Ng'ambo, juu kidogo ya milima ya Kongo, jua likasimama.

Habari ilishuka kilimani haraka kuliko maji yalivyopanda. Wanawake wakajipanga mstari kutoka ufukweni, mitungi ikapita mkono kwa mkono. Imamu alisema magharibi haijaingia, kwa hiyo hakuna aliyekosa sala. Askari walikuwa wamekusanyika sokoni na mienge yao. Shaushi Mbaraka alisoma amri upya, akaona imeandikwa kuzama kwa jua, akalitazama jua, akavua viatu. Alikuwa mtu wa kufuata sheria. Aliagiza bao, akamfunga kila aliyecheza naye.

Hali hiyo ikaendelea. Watu walilala wakachoka kulala. Kuku walikataa kuingia bandani. Wavuvi wa Magara hawakuweza kutoka, kwa kuwa ndagala huvuliwa gizani kwa moto, na giza halikuwepo, basi mji ukaanza kula mihogo mitupu na kuwagawia askari pia, maana askari nao walikuwa na njaa. Hakuna aliyelilaani jua. Kila mtu alikuwa na nyumba yake bado, akaifagia mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Bi Sikuzani ndiye peke yake aliyeteseka. Pumzi yake ilikuwa imefika mlangoni, ikawa haitoki wala hairudi.

"Mukwe," alimwita Asmani alipoteremka kumjulia hali.

"Naam, mama."

"Iko saa gani?"

"Iko alasiri."

"Ingali?"

"Ingali, mama."

Asmani alipokuwa akiinuka, akasikia tena: "Munifungulie jua, mwanangu. Nimechoka."

Mwasiti alipiga magoti kando ya mkeka. "Mama, tukilifungua, watachoma nyumba zote. Ya kwako, ya majirani, yote."

Bi Sikuzani aliliwaza hilo. Alikuwa amezaliwa kabla ya bendera yoyote kufika ufukweni, na hakuwa na haraka ya kuelewa mambo mapya. "Kumbe," akasema. "Basi nitangoja. Lakini musinicheleweshe."

Nje, Asmani alimshika mkewe kiwiko. "Tumwache aende, Mwasiti. Akifia hapa, tunamzika hapa. Askari watatukuta tunachimba, hawawezi kutukataza."

"Na hawa wote waliobeba mitungi, nitawaambia nini?"

"Sijui."

"Kesho basi. Tutalifungua kesho."

"Kesho gani?" aliuliza Asmani. Mwasiti akabeba mtungi wake akarudi kwenye mstari.

Aliyemaliza mambo alikuwa Bwana Nyota. Alikuwa ameketi nje ya hema lake na taa mkononi, akingoja zamu, na sasa uvumilivu ulimwishia. Akapanda kilimani, akamkuta Bwana Saa mlangoni, aliyekuwa amerudi kutoka kwa askari wake, akamweleza kwamba mapatano yalimpa nusu ya muda wote, na kwamba nusu yake haikuwa ikiletwa. Hakuuliza juu ya mitungi. Maji yalikuwa yakipita mbele ya viatu vyake.

Bwana Saa alikubali kuwa mwenzake ana haki. Hakulitazama jua. Alifungua sanduku, akazitazama saa zake moja baada ya nyingine, na zote tatu zilisema magharibi ilishapita zamani. Akafunga sanduku, akateremka sokoni.

"Jua limezama," alimwambia Shaushi Mbaraka.

Shaushi alilitazama jua. Lilikuwa likimwingia machoni, ikambidi ajikinge kwa mkono.

"Ndiyo, Bwana," akasema, akavaa viatu.

Wakawatoa watu majumbani chini ya jua kali la alasiri. Mwasiti na majirani wawili walimpakia Bi Sikuzani kwenye machela. Aliuliza kama magharibi imefika, wakamwambia bado. Aliuliza wanampeleka wapi, wakainua machela. Asmani alibaki kilimani na mtungi wa mwisho, akiamini kwamba maadamu jua liko juu, huenda mtu mmoja akaona haya.

Askari walianza na banda la Mwasiti kwa kuwa lilikuwa karibu. Lilikuwa limejaa mawese, likawaka kuliko nyumba zote. Upepo wa ziwa ukausukuma moto ule uso kwa uso na kilima, joto likapanda, likaingia kwa dirisha la darubini. Asmani alimimina mtungi wote. Merikani ikafuka mvuke. Mawese yakawa manjano, kisha mekundu, yakatiririka kwenye shaba aliyoisugua mwenyewe asubuhi. Darubini ikainamisha kichwa taratibu kuelekea ziwani, kama ng'ombe anayekwenda kunywa, na jua, kwa vile lilikuwa limechelewa, likatua mara moja bila hata kuwa jekundu.

Mwasiti alikuwa amefika kwenye njia ya milimani, ng'ambo ya kilima cha Gatete. Giza lilipomfunika, alisikia mama yake akisema kwenye machela, "Ah, sasa," kwa sauti ya mtu anayetua mzigo. Wakaiweka machela chini. Alikuwa amekwenda.

Walimzika palepale kando ya njia, kwenye udongo ambao hakuna aliyejua ni wa nani, kwa jembe la kuazima. Asmani aliwafikia kaburi likiwa nusu.

"Tungalimufungulia," alisema Mwasiti.

"Ndiyo."

"Angalilala na baba."

"Ndiyo, Mwasiti."

Alilia mpaka sauti ikakatika. Asmani hakumwambia anyamaze. Uchungu ule ulikuwa wa Mwasiti kwa haki, na hata miaka mingi baadaye, alipokuwa na banda jipya huko juu, aliacha kukamua kila jua lilipofika kimo kile, akakaa mpaka litue.

Asubuhi Asmani alirudi kazini, kwa sababu yeye alikuwa miongoni mwa watu wasioumwa na mbung'o. Chini ya kilima hapakuwa na mji. Michikichi ya nyuma ya msikiti ilisimama myeusi, bila makuti. Bwana Saa alikuwa amefungua sanduku, anazirudisha nyuma saa zake ili zilingane na jua.

"Bwana," alisema Asmani, "jana ulisema jua limezama."

"Saa zilisema. Zilikuwa zinakimbia."

"Kwa hiyo bado tulikuwa na muda."

Bwana Saa alihesabu kidogo kichwani. "Mlikuwa nao," akasema. "Mmeondoka kabla ya jua kuzama, kama ilivyoamriwa. Nimewaandikia sifa."

Akaigusa darubini. Shingo ikalia.

"Tia yale mafuta yako mekundu."

"Yameungua, Bwana. Yote."

"Basi," alisema Bwana Saa, akifunga sanduku, "ongea na Mbelgiji."