Barua ya Bi Zainabu wa Kinondo

Kama kuna mtu pale Ukunda aliyejua kumwingiza mgeni nchini bila kelele, basi ni Mwanasha, na wala hakuona haya kulisema mwenyewe. Miaka tisa alisimama mapokezi ya hoteli moja ya Diani, akapokea watu wa kila pasipoti na kila hasira. Alipoichoka hoteli akahamia kwenye ile aliyoiita kazi ya maana: kuwashughulikia viza watu wa Tunza.

Tunza ni programu huria. Haiuzwi, haina bwana wala bibi, na imeandikwa na watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia ambao wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Zahanati kadhaa za huku kusini huitumia kuweka kadi za kina mama wajawazito na chanjo za watoto. Mara moja kwa mwaka waandishi wake hukutana mahali pamoja, na mwaka huu zamu ilikuwa ya Kinondo. Wageni kumi na tisa, nchi kumi na moja, na kwa kuwa hela za hoteli hazikuwepo, kila mgeni alipangiwa nyumba ya mwenyeji kati ya Kinondo na Mwabungo. Wageni kumi na wanane walikuwa tayari wana vibali. Mwanasha alikuwa amewapitisha mmoja mmoja, na kila mmoja alipopita alimwambia Shem, mwenzake wa ofisini, "Umeona? Nilikwambia."

Aliyebaki alikuwa mmoja tu, Sharif, kijana wa Khulna, Bangladesh. Yeye ndiye aliyeandika kile kipande kinachoifanya Tunza ifanye kazi mtandao ukikatika, na huku kwetu mtandao hukatika mvua ikinyesha na isiponyesha pia. Hakuna mwingine aliyekielewa vizuri kipande hicho, ndiyo maana alitakiwa aje awafundishe wenzake. Lakini Sharif alikuwa hajawahi kuhudhuria mkutano hata mmoja. Mara nne alialikwa katika nchi nne, na mara nne alinyimwa viza. Mara tatu walimwandikia kuwa hakuthibitisha kwamba atarudi kwao. Mara ya nne hawakuandika sababu yoyote.

"Hii ni ya mwisho, dada," alimwandikia Mwanasha. "Nikikataliwa tena nitawakabidhi kazi yenu, nijitoe kabisa. Nimechoka kuaibishwa."

Mwanasha alimjibu bila kufikiri mara mbili: "Utakuja. Nimesema mimi."

Basi Jumatatu, saa tatu asubuhi, akiwa ofisini kwao juu ya duka la vitambaa, ikaingia barua pepe kutoka ofisi ya viza. Shem, mwandishi wa programu aliyetoka bara na kukaa Ukunda miaka minne bila kuacha lugha yake, aliisoma kabla yake.

"Manze, Mwanasha, Sharif amekwama."

"Amekwama wapi? Hebu sogea." Akasoma. Ombi limesimamishwa. Mwenyeji hakutaja mgeni atakaa siku ngapi, na ukurasa wa pili wa barua yake unaashiria kuwa mgeni ananuia kuhamia nchini. Maelezo ya maandishi yaletwe ndani ya saa arobaini na nane. Mwenyeji atapigiwa simu.

Ukurasa wa pili? Wenyeji wengine wote walikuwa wametia sahihi barua aliyoiandaa yeye, fupi, yenye tarehe ya kufika na tarehe ya kuondoka. Bi Zainabu, mwenyeji wa Sharif, peke yake ndiye aliyeikataa. "Mimi sisemewi," alisema, akaandika barua yake kwa mkono wake. Na Mwanasha, kwa ile haraka yake ya kujiona anajua kila kitu, alisoma ukurasa wa kwanza, akaona maneno mazuri, akazipiga picha kurasa zote mbili, akatuma.

Sasa akaufungua ule wa pili. Mwandiko ulikuwa wa kupendeza kabisa.

"Na huyu kijana Sharif akae kwangu kwa muda wowote atakaoupenda. Mimi sitamwekea siku. Akiridhika na Kinondo akataka kuhamia, pa kujenga papo. Na kama hajaoa, wasichana wema tunao."

"Mtume!" Mwanasha alishika kichwa. "Bi Zainabu ameniua!"

Shem alicheka mpaka akaona uso wa mwenzake. "Si tutoe tu hiyo peji ya pili? Tunaandika ingine, tunasema ile ilikuwa mistake. Ama tumpeleke hoteli."

"Tuandike uongo halafu wampigie simu mwenyewe? Na nikimwondolea mgeni wake Kinondo nzima itajua kufikia adhuhuri. Amepaka chumba chokaa, Shem. Amenunua chandarua kipya." Akachukua mkoba. "Kosa ni langu, mimi ndiye sikusoma. Nakwenda mwenyewe."

Alichukua bodaboda hadi Kinondo, na njia nzima alikuwa akijipangia maneno. Alikuwa na yakini kuwa mambo yatakwisha kwa dakika kumi. Bi Zainabu alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, muuza viazi vya karai, vile vya kukaangwa kwa unga, anayejulikana mpaka Galu, na alimkuta uani akishona foronya.

"Shikamoo, Bi Zainabu."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Chai hiyo hapo, na viazi vimo ndani ya bakuli. Mgeni wangu yuko wapi?"

"Mgeni wako amekwama, Bi. Wanataka uandike siku ya kuondoka."

Sindano ikasimama. "Ya nani kuondoka?"

"Ya Sharif. Tarehe kumi na nane. Neno moja tu, halafu unatia sahihi."

"Mtoto wa watu hajakanyaga mlango wangu, nami niandike siku ya kumtoa? Mwanasha, mimi nimelelewa. Ukimwuliza mgeni ataondoka lini, umemfukuza. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua."

"Si kumfukuza, Bi, ni karatasi tu."

"Basi kama ni karatasi tu, iacheni."

Mwanasha alieleza. Akaeleza tena. Akasimulia zile mara nne, na Bi Zainabu akasikitika kwa dhati, akasema maskini, akasema hao watu hawana imani, lakini kalamu hakuigusa. Mwishowe Mwanasha, ambaye subira haikuwa sifa yake, akapandisha sauti.

"Hotelini mimi niliwatoa watu saa nne asubuhi kila siku ya Mungu, na hakuna aliyekufa!"

"Ndiyo maana ukaacha," Bi Zainabu alimjibu bila hata kumtazama.

Kwa kweli yule mama alikuwa amegonga penyewe. Alikunywa chai yake, akala viazi viwili, akawaza vile atakavyomwandikia Sharif. Angeanzia wapi? Nimesema mimi, alimwambia. Kumbe mimi ni nani? Machozi yalimlenga, na kwa kuwa hakutaka kulia mbele ya mtu akasimama.

"Haya, Bi, naomba ruhusa niende."

"Uende wapi na chai haijesha? Keti."

"Nimeshiba, alhamdulillahi. Kazi zinaningoja."

"Kazi haziishi, mwanangu. Ngoja basi nikufungie viazi vya njiani, jua lenyewe bado kali. Keti kidogo."

"Bi Zainabu, wallahi sina budi. Niruhusu."

Bi Zainabu akashusha pumzi. "Haya. Nenda salama, mwanangu. Usipotee."

Mwanasha alishaanza kujifunga mtandio. Akasimama palepale, mkono hewani. Bi Zainabu hakuweza kumtoa mgeni, la. Lakini mgeni akitaka kwenda mwenyewe, je? Mgeni huaga. Mwenyeji humzuia mara ya kwanza, humzuia mara ya pili, na ya tatu humwachia, na hapo hakuna aliyemfukuza mwenzake.

"Bi," alisema taratibu, "akikuaga mwenyewe utamruhusu?"

"Nani?"

"Sharif. Akikuomba ruhusa kwa kinywa chake aondoke tarehe kumi na nane."

Bi Zainabu alifikiri. Alifikiri sana, na foronya mapajani. "Mtu akiniaga kwa adabu siwezi kumfunga kamba," alisema. "Lakini nitamzuia kwanza. Haki yangu siiachi."

Mwanasha hakungoja. Alipiga simu ya video, na Sharif akatokea, kijana mwembamba wa miwani, nyuma yake ukuta wa samawati na kalenda. Kwao alasiri ilikuwa imekwisha ingia. Alipoona ni Mwanasha uso ukamwanguka, maana alidhani anapigiwa kuambiwa amekataliwa.

"Sikiliza," Mwanasha alimwambia kwa Kiingereza. "Huyu ndiye mwenyeji wako. Mwombe ruhusa ya kuondoka tarehe kumi na nane."

"Niondoke? Sijafika, dada."

"Omba tu. Mimi nitatafsiri."

Akampa simu Bi Zainabu, ambaye alishajitengeneza leso na kukaa wima. Sharif akainamisha kichwa, akatoa salamu, akamwita mama, akasema anaomba ruhusa arudi kwao tarehe kumi na nane.

"Tarehe kumi na nane?" Bi Zainabu aling'aka. "Hata! Siku kumi ndizo siku? Hujala samaki wa kupaka ukashiba, hujafika Mkwiro kwa dada yangu. La, mwanangu. Mimi sikuruhusu."

Mwanasha alitafsiri. Alikuwa tayari kumweleza Sharif kuwa asiogope, kwamba ndivyo ilivyo na aombe tena, lakini hapakuwa na haja. Kijana alikuwa ameshatabasamu, tabasamu la mtu aliyesikia kitu cha kwao. Akaomba tena, akasema mama yake mzazi yuko peke yake na anamngoja.

"Mama yako nampa salamu nyingi," Bi Zainabu alisema, na sauti ilikuwa imelainika. "Lakini nami ni mama yako. Kaa angalau mwezi mmoja. Chumba nimekipaka mwenyewe. Ukienda mapema hivyo nitakiangalia na nani?"

Mwanasha alitafsiri hayo pia. Kule upande wa pili Sharif alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha, kwa sauti isiyotulia, akaomba mara ya tatu.

"Haya," Bi Zainabu alisema. "Nenda salama, mwanangu. Tarehe kumi na nane. Umenishinda."

Akamrudishia Mwanasha simu, akadai karatasi na kalamu. Aliandika mistari minne tu: "Mgeni wangu Sharif atafika tarehe nane. Ameniomba ruhusa ya kuondoka tarehe kumi na nane kwa kuwa mama yake anamngoja. Nimemzuia mara mbili, hakuzuilika. Nimempa ruhusa." Mwanasha aliisoma yote, mwanzo hadi mwisho, kisha akaisoma tena, ndipo akaituma.

Kesho yake alirudi Kinondo mapema, kwa sababu simu ya ofisi ya viza ingeweza kulia wakati wowote na alimjua Bi Zainabu. Ililia saa nne. Aliyepiga alijitambulisha kuwa Timothy, na sauti yake ilikuwa ya bara.

"Mama, habari yako. Huyu mgeni wako anakaa siku ngapi?"

"Kwanza wewe hujambo? Umeshakunywa chai?"

"Sijambo, mama. Bado."

"Usikae na njaa. Huyo mgeni ataondoka tarehe kumi na nane. Ameniaga mwenyewe."

"Amekuaga? Si bado hajafika?"

"Ndiyo, ameniaga. Nimemkatalia mara mbili, na ya tatu nikamwachia. Sasa wewe, mwanangu, kwa vile uko huko ofisini, hakuna njia ya kumwongezea hata wiki mbili?"

Mwanasha aliruka kuinyakua simu, akajikwaa kwenye bakuli la viazi, akachelewa. Timothy alikuwa anacheka, kicheko cha mtu asiyekitarajia kazini.

"Hapana, mama. Hizo kumi zinatosha. Ameshakuaga, amekuaga."

Kibali kilitoka alasiri hiyo. Mwanasha alikisoma amesimama uani kwa Bi Zainabu, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje, kisha akampigia Shem akamwambia, "Umeona? Nilikwambia." Halafu akampigia Sharif.

Sharif aliisikia habari lakini hakushangilia, na Mwanasha akamwuliza kama amesikia.

"Nimesikia, dada," alisema. "Mara nne watu wamenikataza kuingia. Jana ndiyo mara ya kwanza mtu kunikataza kuondoka. Tangu jana sijalala."

Mwanasha alimgeukia Bi Zainabu na kumtafsiria, na sasa hakujali tena kulia mbele ya mtu. Bi Zainabu alikuwa amerudi kwenye foronya yake. Alikata uzi kwa meno, akajipangusa macho kwa pembe ya leso upesi upesi.

"Mwambie ajiandae," alisema. "Akifika namkataza upya."