Kimea, Si Uji

...uji, ati aandike uji juu ya mlango wa duka lake, Kavetsa akalirudia neno hilo moyoni huku Gichuru, mwenye ploti, akizidi kumwambia pale chini ya ngazi, "Mama Mourine, elewa, hapa kunaishi watu wa heshima," heshima gani, na mpangaji wake wa mlango wa pili anauza mizinga, chupa kubwa za pombe kali, tangu asubuhi, vijana wa Gatina wanatolewa mle wakibebwa miguu na mikono, hakuna aliyemwambia ajiite duka la maziwa, lakini yeye aliyeloweka wimbi, akalifunika kwa gunia hadi likachipua, akalianika, akalisaga, auzie watu kimea wakajipikie busaa, pombe ya mahari, kwao nyumbani, yeye ndiye aibu ya Kawangware... "Mathe, rangi inakauka," Ryan, mchoraji, anasema huko juu ya ngazi, brashi mkononi, ameshaandika DUKA LA, "niweke nini?" na kwa nini ulimi mzito, kwa nini nusura aseme haya, uji, yaishe, neno lile lile la utotoni mwake Soweto West, mama yake akimnong'oneza, askari wa kusaka pombe wakija waambie tunapika uji, naye, mtoto wa miaka saba, askari walipoingia akasema ni uji, na ili waamini akachota kikombe kwenye pipa akakinywa chote mbele yao, macho yakamtoka, wakacheka wakishika mbavu, kisha wakalipindua pipa hata hivyo, busaa ikatiririka hadi mlangoni kwa jirani, na mama hakumgombeza, alimfuta mdomo kwa leso akamwambia umejitahidi, umejitahidi! hilo ndilo linalomchoma mpaka leo, mwanamke aliyesomesha watoto wanne kwa kimea akafa akikiita uji... "Andika uji, ama unirudishie funguo, ni hivyo tu," Gichuru anasema, na huyu si ndiye aliyetundika ofisini picha ya ruracio, sherehe ya mahari ya bintiye, pembe ya muratina, pombe ya kwao, mdomoni, povu kwenye masharubu, mbona hakuandika chini yake kwamba ni chai, mnafiki mkubwa, hasira imempanda Kavetsa hadi masikioni, na chini ya hasira kuna ule uchachu wa kikombe, ameutema miaka thelathini, leo anaumeza na ni mtamu, Ryan bado anangoja, Gichuru bado anasema, tone jekundu bado linaning'inia kwenye brashi, na funguo zimo kiganjani mwa Kavetsa, amezifumbata mpaka zinamuuma, na ulimi, aa, ulimi umekuwa mwepesi, andika kimea, Ryan, herufi kubwa, zionekane toka barabarani...