Mtetemo wa Shangazi

Redio ndiye aliyeona kwanza. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa chai, na vikombe vitatu vilikuwa juu ya meza ya mbao katika chumba cha kulia cha kiwanda. Katika vikombe viwili chai ilikuwa imetulia. Katika kikombe cha shangazi yake chai ilikuwa ikichora viduara vidogo, kimoja ndani ya kingine, kutoka katikati hadi ukingoni. Shangazi hakuwa amekishika. Alikuwa ameweka kiwiko tu mezani, karibu nacho.

Redio hakusema kitu. Ndiyo sababu aliitwa Redio. Wanawake wa kiwandani walimpa jina hilo wiki yake ya kwanza, kwa dhihaka, kwa kuwa angeweza kumaliza zamu nzima bila kutoa neno. Alikuwa na miaka kumi na tisa na shule aliiachia darasa la tano, na hakuna aliyewahi kumwona na kitabu. Shangazi ndiye aliyemtafutia kazi, na ndiye aliyempa nusu ya kitanda chake.

Kiwanda kilitengeneza vishikwambi. Kila mwaka vilitakiwa viwe vyembamba kuliko vya mwaka uliopita, na aliyehakikisha hilo ni msimamizi, ambaye kila mtu alimwita Bwana Milimita. Walimwita hivyo hata mbele yake, naye alidhani ni sifa. Shida ya kishikwambi chembamba ni spika. Ukipandisha sauti, spika husukuma mgongo wa kifaa, na mgongo ukiwa mwembamba kama ganda la yai, hutetemeka. Mtu anaangalia filamu yake huku viganja vinamwasha kana kwamba ameshika bahasha yenye nyuki. Wateja walilalamika. Kwa miaka kadhaa dawa ilikuwa kipande cha sponji nyeusi kilichobandikwa kati ya spika na mgongo. Kilifanya kazi vizuri. Lakini kilikuwa na unene wa milimita moja, na Bwana Milimita alikitazama kama mtu anavyomtazama kunguni.

Dawa ya pili aliigundua Shangazi bila kutaka. Siku moja gari la sponji lilichelewa. Kishikwambi kilichokuwa mbele yake kilikuwa kikipiga muziki wa majaribio kwa sauti ya juu kabisa, kikitetemeka mpaka skrubu zikawa zinacheza mezani. Shangazi, ambaye alikuwa amelea watoto wa watu wengi, alikichukua, akakiegemeza kifuani, akaweka viganja viwili mgongoni mwake, akakibembeleza kama mtoto mwenye gesi. Baada ya dakika moja kilitulia. Muziki ulibaki, safi kabisa, ila mtetemo ulikuwa umetoka. Ulikuwa umeingia kwake. Alisema amehisi kitu kama maji ya vuguvugu yakipanda hadi mabegani, kisha akachukua kingine.

Bwana Milimita alisimama nyuma yake mpaka vifaa kumi vikaisha. Wiki iliyofuata sponji haikuletwa tena. Kazi mpya iliitwa kutuliza. Wanawake kumi na wanne walikaa kwenye benchi refu, kila mmoja na kishikwambi kifuani, na ukutani pakabandikwa maelekezo: viganja viwe vikavu, usiongee, hesabu hadi sitini. Kwenye kila sanduku paliandikwa kwamba kifaa hiki hakitetemeki mkononi. Hilo lilikuwa kweli.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba mtetemo haukutoka mara moja tu. Kifaa kiliendelea kumpelekea mtetemo wake yule aliyekituliza, popote kilipokuwa. Mnunuzi akifungua muziki, kifaa kilikaa mkononi mwake kama jiwe, na aliyekituliza akatikisika. Kwa Redio, aliyekuwa mgeni na mwenye kufanya kazi taratibu, ulikuwa ni mwasho wa vidole, hasa jioni watu wanapotoka makazini. Shangazi alikuwa ametuliza vifaa elfu thelathini na moja.

Kwake mtetemo ulianzia mikononi, ukapanda. Kufikia mwisho wa mwaka ulikuwa umefika mbavuni, na mbavu za Shangazi, ambaye hakuwahi kunenepa, zilianza kutoa sauti. Kwanza mngurumo, baadaye maneno. Akilala chali siku ya mapumziko, aliyekuwa chumbani alimsikia mwalimu akifundisha hesabu za sehemu, mwanamke akimweleza mama yake kwa video habari za mume wake mlevi, vichekesho, mahubiri, tangazo la sabuni.

Jirani aligonga ukuta.

"Mama, punguza basi. Huku tuna mgonjwa."

"Nipunguze nini?"

"Hiyo televisheni."

"Sina televisheni. Ni mimi."

"Basi lalia upande wa pili."

Shangazi akageuka, akalalia upande wa pili.

Alikuja kuwajua watu. "Yule mwanamke wa mume mlevi leo hajapiga," alimwambia Redio, akimtazama akiosha vyombo, kazi ambayo Shangazi mwenyewe alikuwa ameiacha baada ya kuvunja sahani ya sita. "Sijui kama yuko salama." Halafu akatazama mikono yake iliyokuwa ikiruka mapajani. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sawa. Lakini hawa wenye shibe wanatafuna kwa meno yangu, mwanangu. Yangu. Na hawajui hata kama nina meno."

Hakutaka makubwa. Alitaka ahamishiwe kwenye kufunga masanduku, ambako mikono inaweza kutetemeka bila kuharibu kitu. Kanuni ya kiwanda ilikuwa fupi. Aliyeumizwa na kazi alipewa kazi nyepesi. Aliyekuja na ugonjwa wake alirudi nao kwake. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea mstari mmoja kwenye fomu moja, na Shangazi alitaka mstari huo useme ukweli.

Kiwanda kilimpeleka kwa daktari wake. Daktari akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu humo ndani kulikuwa na mechi ya mpira.

"Ngapi ngapi?" aliuliza Shangazi.

"Mbili moja. Wageni wanaongoza."

Akaandika kwamba moyo ni mzima.

Siku mbili baadaye Bwana Milimita alimwita Redio ofisini. Ofisi ilikuwa na meza moja, kiti kimoja, na kabati la kioo lililopangwa vishikwambi vya kila mwaka, kutoka kinene hadi chembamba. Alimwonyesha kiti, yeye akabaki amesimama.

"Wewe unaishi na shangazi yako."

Redio akatikisa kichwa kukubali.

"Tangu ukiwa mdogo."

Akatikisa tena.

"Basi wewe ndiye shahidi. Weka sahihi hapa, mambo yake yaende haraka."

Aliiweka karatasi mezani. Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa. Akazunguka akasimama nyuma ya kiti, karibu kiasi kwamba Redio alisikia tumbo la msimamizi likinguruma. Karatasi ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Redio aliitazama kwa muda. Kisha akaandika jina lake, herufi moja moja, kama alivyofundishwa shuleni. Bwana Milimita alisema ana mwandiko mzuri.

Karatasi ilisema kwamba Shangazi alikuwa akitetemeka tangu ujana wake, kwamba hali hiyo iko kwenye ukoo, na kwamba haya yamethibitishwa na binti wa kaka yake anayelala naye chumba kimoja. Kesho yake saa tatu mlinzi alimtoa Shangazi, aproni yake ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Shangazi alishika geti apumzike kidogo, na geti lote, kutoka bawaba hadi bawaba, likaanza kutangaza taarifa ya habari. Mlinzi alimwomba asiliguse.

Redio alihamishiwa kwenye nafasi ya Shangazi, dirishani, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado michanga. Aliyekaa kando yake ni Mama Gundi, mwanamke mnene aliyekuwa akibandika sponji enzi za sponji.

"Wanajua kuchagua hawa," alisema Mama Gundi, bila kushusha sauti. "Benchi zima hili, wakamtafuta asiyejua kusoma."

"Mtoto wa watu," alisema mwingine.

"Msimlaumu. Wa kulaumiwa ni yule mwenye rula."

Mwenye rula alikuwa akipita. Mama Gundi aliinuka, kishikwambi kifuani, akamwambia arudishe sponji. Alisema jambo hili halijifichi tena, hata wasiotaka kuona wanasikia. Bwana Milimita alitoa kipimo chake cha chuma mfukoni, akakifungua kidogo, akamwonyesha mwanya.

"Milimita moja, mama. Unajua milimita moja ni nini?"

"Najua," alisema Mama Gundi. "Ni shangazi wa huyu."

Bwana Milimita aliandika jina lake kwenye daftari, akamwambia ameshafika sitini, aweke hicho achukue kingine. Mama Gundi alikaa, akakiweka, akachukua kingine.

Wageni walikuja nyumbani kumpa pole Shangazi. Walikaa ukingoni mwa kitanda, na kitanda kikawatikisa, wakazoea. "Debe tupu ndilo huvuma, tuliambiwa," aliwaambia Shangazi. "Njooni mnione mimi. Nimejaa pomoni na bado navuma." Walicheka, naye akacheka, kisha akakunja uso. Kila mgeni alimweleza habari ile ile. "Kilichoniuma si geti. Kilichoniuma ni huyu alivyotumiwa. Mtu mzima na akili zake anamwekea kalamu mkononi mtoto asiyejua kusoma, kama anayempa peremende. Hata mwizi huona haya. Mwizi huingia kwa dirisha."

Wageni walimtazama Redio kwa huruma. Redio aliwaletea maji. Wiki tatu zilipita hivyo, na katika wiki hizo kiwanda kilitoa kishikwambi kipya, chembamba kuliko kilichotangulia kwa nusu milimita, na watu wakapanga foleni mtaani kukinunua. Benchi liliongezwa likawa la wanawake ishirini.

Mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, alileta kitabu cha darasa la kwanza, kilichoshonwa upya kwa uzi. Shangazi alikipokea kama dawa. Jumamosi mchana alimkalisha Redio kando yake kitandani, akakifungua kitabu mapajani.

"Haya. Hatutarudia kosa," alisema. "Tunaanza mwanzo."

Aliweka kidole kwenye silabi ya kwanza. Kidole hakikukaa. Kiliruka kutoka *ba* kwenda *be*, kikagonga picha ya bata, kikatoka nje ya ukurasa. Shangazi alikishika kwa mkono wa pili, na mkono wa pili nao ulikuwa na mtetemo wake. Kurasa zilipepea. Mbavuni mwake mtu fulani alikuwa akijifunza kupika, akiambiwa apunguze moto. Shangazi alijaribu tena, jasho likimtoka puani, meno yake yakigongana.

"Ba," alisema. "Fuata. Ba."

"Ba," alisema Redio.

"Unaona? Una akili wewe, hukupata tu mtu wa kukusukuma. Be."

"Be."

"Ungekuwa unajua haya, mwanangu, yule mtu asingekuweza. Ungeinuka hapo kwenye kiti ukamwambia, bwana, huu ni uongo. Nakujua. Ungemwambia."

Kidole kilirudi kwenye ukurasa, kikaruka, kikarudi. Redio alikifunika kwa kiganja chake, akakibana kitabuni, na mtetemo ukampanda hadi kwenye kiwiko, wa watu asiowajua, waliokuwa wakistarehe. Alibana zaidi. Haukupungua.

"Shangazi," alisema, kwa sauti ambayo jirani aliisikia. "Mimi najua kusoma. Ile karatasi niliisoma. Mistari yote kumi na mmoja. Kufika mstari wa pili nilishajua ni uongo, nikaendelea kusoma mpaka mwisho, halafu nikaandika jina langu, kwa sababu alikuwa amenisimamia kisogoni na nilichotaka ni aondoke tu."