Kikorea cha Mke Mwenzangu

Mimi ndiye niliyemfundisha Beverly Kikorea, na mtu asije kuniambia nilikuwa mjinga. Najua.

Mume wetu, Oliver Onyango, huuza injini za mashua Muhuru Bay. Mwaka huu kampuni ya Wakorea inayotengeneza injini hizo ilimwalika akakae wiki moja katika hoteli kule kwao, yeye na mke mmoja. Mimi ndimi mikayi, mke wa kwanza, na kwetu kila jambo la boma huanzia nyumbani kwa mikayi. Kwa hiyo hata sikuuliza ni nani angeenda; mambo ya viza nilimwachia Oliver.

Nilianza kujifunza kwa simu, hapa dukani kwangu Migori, huku nikishona sare za shule. Yeyak hesoyo, tumeshaweka nafasi. Sugon juseyo, naomba taulo. Bangi chuwoyo, chumba kina baridi. Hilo la mwisho lilimfanya jirani yangu Mogire achungulie mlangoni kuuliza ni nani anayevuta.

Oliver alifurahi sana. "Min Awino," akaniambia, yaani mama wa Awino, kama nami nimwitavyo Wuon Awino, baba yake, "fundisha Beverly pia. Siku yake ikifika asiaibike."

Nikaona amesema la maana. Mikayi hapaswi kuwa mchoyo. Basi kila Jumamosi Beverly akawa anatoka Rangwe kuja kwangu. Nikikaa nyuma ya cherehani, mimi ni karani wa hoteli. Yeye akiingia na kikapu, ni mgeni. Alikuwa mzito wa kushika, lakini akipatia nilimpigia makofi. Nilimchinjia hata kuku.

Zilipobaki siku chache kabla ya safari, Oliver alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mvua iko karibu," akasema. "Mikayi ndiye hufungua kupanda. Ukienda, nani ataweka mbegu? Wacha Beverly aende."

"Na hiyo mbegu nitaifungua na nani, Wuon Awino?"

Mila hiyo anaijua vizuri kuliko mimi: mbegu ya kwanza haiingii ardhini kabla mume hajalala nyumbani kwa mikayi. Yeye akiwa Korea, mimi nilale na jembe? Alikuwa amechukua mila yetu akaikunja kama shuka, upande uliochanika ukaenda chini.

Nikampigia Beverly. Akasema, "Mikayi, viza nilipata kitambo. Wuon Awino alinikataza kusema."

Kumbe nilipokuwa nikimpigia makofi, tiketi ilikuwa tayari ina jina lake. Niliumia hadi nikashindwa kulia. Kuku wangu alimla akijua.

Wakaenda. Siku ya tatu, mchana, simu ikalia nikiwa nampima mteja kiuno.

"Mikayi, nisamehe," sauti ya Beverly ilikuwa ikitetemeka. "Huku ni baridi sana na maneno yote imenipotea. Tuko hapa kwa kaunta, nimeweka simu kwa spika. Wuon Awino anasema uongee na huyu karani."

Ningekata. Sijui kwa nini sikukata. Labda nilitaka Oliver anisikie.

"Bangi chuwoyo," nikasema polepole.

Karani alijibu kwa upole, nikaelewa: chumba namba ngapi? Nikawaambia, wakamtajia. Kisha kijana huyo akauliza kwa Kiingereza, huyu mama anayezungumza vizuri hivi ni nani?

Nikasubiri. Nilikuwa nimeshika tepu, mteja ananitazama. Miaka kumi na tisa nimeolewa na mtu huyu, tumezaa, tumezika mama yake pamoja.

"Ni mwalimu wetu," Oliver akasema. "Wa huko nyumbani."

Karani akacheka kwa furaha. Akanishukuru sana, akasema nimewafundisha vizuri Bwana na Bibi Onyango.