Mke Mwenza wa Bi Somoe

Mwanaheri aliunyanyua mkono wa binti yake, akauachia. Ukaanguka kitandani pu, kama kanga iliyolowa. Alikuwa akifanya hivyo tangu alfajiri, na kila ulipoanguka, moyo wake nao ulianguka.

Nusaiba aliletwa hospitalini na nimonia kali, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Mapafu yakapona. Dawa ya usingizi ilikatwa juzi, wakamngoja aamke, lakini hakuinua hata kidole. Siku hiyohiyo Daktari Benadetha alimbonyeza ukucha kwa kalamu, mkono ukatulia vilevile.

"Mama Nusaiba, mtoto akiugua sana na kukaa kwenye mashine, wakati mwingine neva za mikono na miguu huharibika," daktari alisema. "Akili yaweza kuwa nzima, ila mwili hauitikii. Nipe muda."

Mwanaheri aliitikia kwa adabu, asiamini hata neno moja. Faraja haikatazwi, lakini aliyejionea mkono wa mwanawe ukianguka humwambii kitu.

Issa, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja na gari la kukodi kutoka kijijini kwao, Tingi. Asubuhi hiyo alisimama miguuni pa kitanda, akasema bila hata kupunguza sauti, "Shemeji, mtoto keshakwenda huyu. Kilichobaki ni upepo wa mashine. Tumrudishe akafie kwao, tumlaze ubavuni mwa baba yake. Pale ardhi laini, haisumbui kuchimba."

"Afadhali," Mwanaheri akajibu, Mungu amsamehe. "Hata mimi nimechoka."

Wakaendelea kupanga, nani anunue sanda, nani aoshe, maneno yakipita juu ya kichwa cha mtoto. Kisha Issa akatoka kwenda kuliweka gari tayari.

Kwao mtu haachiwi aende bila kuombana radhi. Aliyeingia kwanza kuaga alikuwa Bi Somoe, mama mkwe wa Mwanaheri. Bibi na mjukuu hawa walikuwa watani wa kufa na kuzikana, wake wenza waliomgombea babu, Mzee Pazi, tangu Nusaiba ajue kusema. Siku zote za ugonjwa Mwanaheri alikuwa amepiga marufuku utani. Kitandani pale zilisomwa Yasini tu, kwa kunong'ona. Leo alimwacha bibi aage apendavyo.

"Mke mwenzangu," Bi Somoe alisema, akiketi ukingoni mwa kitanda, "niwie radhi, nami nimekuwia. Ila mume nimeshamchukua. Nampikia mwenyewe, na wala hakuulizii. Jana kasema chai yako ilikuwa maji ya kuoshea vyombo."

Nusaiba akakunja ndita usoni.

Mwanaheri alishika chuma cha kitanda. "Rudia, mama!"

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya chai! Mchokoze!"

Bi Somoe alimtazama mkwewe kama anayemtilia shaka, kisha akainama. "Na talaka yako iko njiani, mwanamke wewe."

Mdomo ukapinda kando ya mpira wa mashine, uso mzima ukakunjamana kwa hasira. Mikono ililala palepale. Mwanaheri alipiga ukelele ambao hakuujua kuwa ni wake.

Daktari Benadetha alifika mbio, akabonyeza ukucha tena. "Usitazame mkono, tazama uso," alisema, na uso ukajikunja kwa maumivu. "Juzi dawa ilikuwa bado mwilini. Sasa anahisi. Neva za uso mara nyingi husalimika. Siahidi kwamba atatembea, wala kwamba mashine itatoka upesi. Lakini yupo."

Issa akachungulia mlangoni. "Shemeji, gari linangoja."

"Rudi nalo. Waambie watu hakuna matanga."

Bi Somoe alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Mwanaheri naye alianza kucheka, kisha akamgeukia daktari.

"Daktari, ameanza kusikia tangu lini?"

"Siwezi kujua. Huenda tangu jana."

Nusaiba sasa alikuwa amefumbua macho; Mwanaheri aliinama mpaka pumzi yake ikamgusa shavuni. "Mwanangu," alinong'ona, "asubuhi, mimi na baba yako mdogo... ulikuwa unatusikia? Kama ndiyo, fumba macho."

Nusaiba hakufumba mara moja. Akamtazama mama yake, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akayafumba.

Tangu juzi Mwanaheri alikuwa akimwomba Mungu ishara, yoyote ile. Sasa aliomba kwamba huu uwe usingizi tu.