Pazia la Chumbani

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, alikufa juu ya ngazi akitengeneza spika ya kanisa, akafufuka hata kabla hatujakubaliana nani aanze kulia. Waya ulimpiga. Ulikuwa waya mbovu, uliochaguliwa na wazee wa kanisa, kwa sababu mzee wa kanisa hapandi ngazi. Akaanguka puu, moyo kimya. Nesi mmoja wa kwaya akamponda kifuani kama anayefua blanketi, mpaka ule moyo ukaona aibu, ukaanza tena.

Alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimemwona dada!"

Dada yake huyo ndiye mke wangu. Alifia hospitalini, wakubwa wote wakiwa kwenye semina ya kuboresha huduma. Tangu siku ile mimi na wakubwa hatupikiki chungu kimoja. Na swali moja limenikaa kooni kama mwiba wa samaki: yupo mahali, au ndiyo basi? Kama yupo, nitasubiri zamu yangu. Kama hayupo, nimeachwa kweli.

Kwa hiyo Jumapili nilikwenda kanisani, mimi niliyekuwa nimepahama. Nikakaa mbele kabisa.

"Wanaosema mbinguni hakuna, leo watafute pa kuficha uso," mchungaji akasema. "Ushahidi umerudi na miguu yake!"

Kanisa letu haliruhusu mtu kusimama tu na kusema alichokiona. Kuna Kamati ya Ushuhuda. Unakwenda kwanza kwao, wanakusikiliza, wanakupunguza kama nywele, ndipo unapewa kipaza sauti. Shemeji alisimama na koti la kuazima, mikono ya koti imemfika vidoleni.

"Niliona mwanga," akasema, macho yakimwangalia mwenyekiti wa kamati. "Kisha bustani. Na katikati ya bustani, dada yangu. Amevaa nyeupe pe. Ametulia, anatabasamu, hasemi kitu."

"Aleluya!" kanisa likaitikia.

Nikasimama. "Shemeji, hebu rudia hapo. Hasemi kitu?"

"Hasemi, shemeji."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi huyo si yeye. Umemwona mke wa mtu."

Kwaya ikaangua kicheko, yule nesi akicheka kuliko wote. Mwenyekiti wa kamati akainuka na tumbo lake. "Keti, bwana! Mbinguni hakuna maneno maneno."

"Mzee, mke wangu nyeupe hakuvaa hata siku ya harusi. Alisema nyeupe ni nguo ya watu wasiopika. Na kunyamaza? Alikuwa akinikosoa nikikoroma, naye mwenyewe amelala!"

"Mzee wangu," mchungaji akasema kwa ile sauti ya kubembeleza, "kule wanafanywa wapya."

"Sasa mchungaji, mkishamfanya mpya hivyo, mimi nikifika nitakwenda kukaa na nani?"

Hakuna aliyecheka. Nikachukua kofia yangu, nikatoka.

Jioni shemeji akaja nyumbani. Alisimama mlangoni akilitazama pazia la sebuleni, mdomo wazi. Lile pazia halikuwa la kutazamwa na mgeni. Ndoa yetu nzima nilikuwa nikishakula najipangusa mikono humo, na ndoa yetu nzima mke wangu alinigombeza kwa hilo. Alipofariki nikabaki na uhuru, na mafuta.

"Kumbe kweli," akasema.

"Kweli nini?"

"Shemeji, usinikasirikie. Kamati ilinikata. Nyeupe hakuvaa. Alikuwa na gauni lake lile la kahawia, ameshika kiuno."

Nikatafuta kiti. "Ameshika kiuno?"

"Mikono yote miwili. Alinianza mimi kwanza, kwa kupanda ngazi peku. Kisha akasema, 'Mwambie mume wangu aache kujipangusa kwenye pazia.'"

Machozi yakanijia, nikayarudisha. Wakubwa wamenifundisha kutoamini haraka. "Hilo alikwambia akiwa hai. Alimwambia kila mtu, mpaka muuza mkaa. Huo si ushahidi."

"Ngoja basi, sijamaliza! Akasema, 'La sebuleni nimemsamehe. Lakini hilo la chumbani ameanza lini?'"

Nikapapasa shingoni.

Chumbani kwangu hajaingia mtu tangu msiba. Nafunga kwa ufunguo, na ufunguo nauvaa shingoni. La sebuleni lilipokosa pakavu, nikahamia la chumbani, nikawa nakula humo humo chumbani, ukingoni mwa kitanda. Sikumwambia mtu. Utamwambiaje mtu jambo kama hilo?

"Mbona kanisani hukusema?"

"Mwenyekiti alisema mbinguni hakuna mapazia. Mchungaji akasema nitawakatisha watu tamaa, wanadhani kule wanakwenda kupumzika. Basi wakampa nyeupe."

Maiti haulizwi sanda, na asiyekuwepo na lake halipo. Ndivyo walivyo. Ushahidi wa kweli wanao mkononi, wanautupa jaani, wanatuletea bustani.

"Alikuwa amekasirika?" nikauliza.

"Sana."

"Sana kiasi gani?"

"Shemeji, mimi nilirudi mbio. Yule nesi anajisifu bure."

Alipoondoka niliyashusha mapazia yote mawili, nikayafua, nikayasugua mpaka maji yakakubali kuwa maji. Kesho yake yalipokauka nikayatundika. Nikala chumbani, polepole. Nikamaliza. Nikalitazama lile pazia, safi, halina kosa.

Nikapangusa kidole kimoja tu, pale chini pembeni. Nisipomchokoza, wakubwa wa huko nao watamtuliza kabla sijafika.

"Haya," nikasema, nikiangalia juu. "Sema."