Dereva wa Jenerali Tackett

Jenerali Harlan Tackett mimi ningemtambua hata kama angevalishwa gunia la viazi. Nilisema hivyo Jumamosi moja kwenye kibanda cha kinyozi, kambini kwetu Kansas, mwaka mmoja baada ya vita, tena kwa sauti, maana Sajini Brannock alikuwa benchini akingoja zamu yake. Sajini ndiye aliyekuwa akitafuta dereva wa gari la mkuu wa kambi. Dereva wa mkuu hasimami lindo kwenye theluji, wala hamenyi viazi. Mimi nilikuwa namenya viazi tangu niandikwe jeshini.

"Ulimjulia wapi jenerali, Dewey, wewe wa juzi?" Sajini akauliza.

"Italia, afande. Nilikuwa namwendesha."

Italia nilifika kweli, ila bunduki zilikuwa zimeshanyamaza, na nilipelekwa moja kwa moja jikoni. Lakini ulimi ukishashika mteremko hauna breki.

Kwenye kiti cha kinyozi alilazwa mteja mmoja, uso mzima povu la sabuni, shuka limemfunika hadi shingoni. Koti lake lilining'inia msumarini, begani lina nembo ya tai, alama ya kanali. Makanali kwetu walikuwa wengi kuliko nzi. Sikumjali.

"Haya, tusimulie basi," akasema mzee Purvis, kinyozi, huku ananoa wembe.

Nikaanza. Jinsi Tackett, mtoto wa mhunzi wa Nebraska, alivyomaliza chuo cha maofisa akishika mkia. Alivyowafukuza majambazi mpakani Mexico juu ya farasi, farasi akarudi kambini peke yake. Alivyoganda kwenye ukapteni miaka yote ya amani, mpaka nywele zikachoka kungoja zikahama kichwani. Kisha Wajerumani wakaanza tena, na nyota zikamnyeshea mabegani. Benchi zima likacheka. Hata Sajini akatabasamu. Nikauona usukani huu hapa.

"Na ule mto wa kule Italia?" Sajini akauliza. "Si ndiko alikonyang'anywa kikosi?"

"Ah, mto! Vijana wanavuka kwa vimashua vya turubai, Wajerumani wanawapukutisha, na mzee wangu yuko ndani ya ghala la mvinyo, kakumbatia pipa! Akaniambia, 'Mwanangu, washa gari, twende kabla supu haijapoa!'"

Kicheko kikatikisa kibanda. Mzee Purvis peke yake hakucheka. Alikuwa ameacha kunoa wembe, ananitazama kama mtu anayemwona mlevi kalala relini.

"Dewey," akasema, "nyamaza, mwanangu."

Mteja akaketi wima kitini, akajifuta povu kwa shuka. Sajini akaruka, akasimama wima.

"Jenerali Tackett, afande!"

"Kanali, Sajini. Vita vimekwisha, nyota zimerudi ghalani."

Jambo hilo kuruta wa jana analijua: nyota za vita ni za kuazima, na amani ikirudi majenerali wengi hurudishwa kwenye cheo cha zamani. Nililijua hata mimi. Sikukumbuka tu kwamba chini ya povu kuna uso.

Hakufoka. Laiti angefoka.

"Kushika mkia ni kweli," akasema. "Na farasi pia. Ila pale mtoni, kijana, umenipendelea. Sikujificha. Nilikuwa ukingoni, nawaona wanavyozama, na nikaamuru wengine wavuke." Akalikunja shuka, akaliweka magotini. "Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe."

Benchini kila mtu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Lakini dereva wangu aliitwa Wendell Stroud, wa Ohio. Aliacha gari, akaingia majini kuvuta mashua iliyotobolewa. Hakutoka. Kabla hajaingia nilikuwa nimesimama karibu naye." Akanigeukia. "Sasa wewe uliyekaa kiti chake, hebu rudia. Nilimwambia nini?"

Sajini akanigeukia pia. "Sijui, afande," nikasema. "Italia nilimenya viazi."